Picha ya Arobaini na Moja

Wasikilizaji wapendwa, leo sina sauti ya upole. Mnisamehe. Mmezoea kipindi hiki kikiwaaga marehemu kwa maneno laini, na kwa kawaida hata mimi huyapenda. Leo nimeingia studio nimekunja uso. Fundi mitambo wetu ananitazama kupitia kioo na kutikisa kichwa. Mwacheni atikise.

Tunamkumbuka mama mmoja aliyeuza vitabu vikuukuu vya picha. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka sabini na mitatu. Mtaani walimwita Bi Zimetimia. Wengi hawakujua hata kama ana jina jingine.

Kabla sijaendelea, shikeni jambo moja. Bi Zimetimia alikuwa na kitabu kilichompa raha na kikamtesa. Kitabu hicho kilikuwa na picha sitini na mbili. Siku alipofariki zilikuwemo sitini na moja. Moja haikuwemo. Ilikuwa wapi? Nitawaambia kabla hatujaachana, na mkisikia mtajua kwa nini nimekunja uso.

Tuanze alikoanzia. Baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Binti alikulia kwenye harufu ya gundi na ngozi, na alijua kushona kurasa kabla hajajua kuzisoma. Alipokuwa mtu mzima alitandika turubai kando ya barabara, akaanza kuuza vitabu vilivyotumika. Vya shule, vya upishi, vya wanyama, vya ramani. Vya picha ndivyo vilivyokuwa roho yake. Alikuwa akisema, "Maneno mtu anaweza kukuhadithia. Picha sharti uione mwenyewe."

Mwaka ule wa kwanza akamuuzia mwalimu mmoja kitabu cha ramani. Kesho yake mwalimu akarudi, mbele za watu, akakibwaga pale kwenye turubai. "Mama, umeniuzia kitabu kipofu? Bara zima halimo!" Kweli, kurasa mbili zilikuwa zimechanwa zamani, na mwenye kuuza hakuwa na habari. Tangu siku hiyo hakuuza tena kitabu cha picha bila kuzihesabu picha zake, yeye na mnunuzi, kwa sauti, moja baada ya nyingine. Una haraka? Shauri yako.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yote yanapoanzia. Nyuma ya kila picha, pembeni kwa chini, aliandika namba ndogo kwa penseli. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu akaandika orodha: namba hii ni picha hii, namba ile ni picha ile. Zile zilizomkosha zaidi akazitia kinyota. Hesabu ikiisha, anafunga kitabu, anakipiga kofi la mgongoni, anasema, "Zimetimia!" Basi jina likaganda.

Baadaye alipata duka. Lilikuwa chumba chembamba cha kupanda ngazi tatu, katikati ya fundi saa na duka la dawa. Feni ilikuwepo lakini haikuwashwa, isije ikapeperusha kurasa. Mlangoni palikuwa na beseni la maji, sabuni na taulo. Huna ruhusa ya kugusa kitu hujanawa. Mkuu mmoja wa ofisi kubwa alinawishwa mara mbili, na bado akaambiwa, "Baba, hebu nionyeshe na kucha."

Fundi saa, jirani yake wa miaka ishirini na sita, alinicheka nilipomuuliza kama wateja hawakuchoka. "Walichoka sana! Mimi nilimwambia, dada yangu, kwa mtindo huu utabaki na mende tu. Akaniuliza, 'Wewe ukimrudishia mtu saa yake bila mshale mmoja, utamwambiaje?' Nikarudi kwenye meza yangu."

Haya. Kitabu chenyewe kilikuwa cha viota. Ndiyo, viota vya ndege. Picha sitini na mbili, kila kiota kimechorwa na kutiwa rangi kwa mkono, miaka mingi kabla hatujazaliwa mimi na wewe. Alikikuta kwa mjane mmoja aliyekitumia kuzuia mlango usijifunge. Alikaa nacho miezi saba akikisafisha, akikiunga, akikishona upya. Kisha akakiweka rafu ya juu, akakataa kukiuza kwa miaka kumi na mmoja.

Binti yake, ambaye ni fundi cherehani, anasema hivi: "Mama hakuwa anakificha. Alikuwa anangoja. Alisema kitabu kile kitakwenda mahali penye watoto wengi, basi. Kila aliyekiuliza alimpa jibu hilohilo. Na mama alikuwa hajui kusema kwa sauti ndogo."

Mmoja wa waliosikia jibu hilo ni muuza fremu. Tumwite Bwana Fremu, ndivyo anavyoitwa mjini. Siku ya kwanza alikuja akauliza, akajibiwa, akaondoka. Baada ya wiki mbili akarudi na suti, na maneno ya asali. Eti anaandaa maktaba ya shule. Eti watoto mia nne. Eti tayari kuna kabati la kioo. Bi Zimetimia alifurahi mpaka akamkaribisha chai, jambo ambalo halikuwahi kutokea ndani ya duka lile lenye karatasi.

Wakahesabu. Moja, mbili, tatu. Bwana Fremu alikuwa mnunuzi wa kwanza kuhesabu kwa furaha tangu mwanzo hadi mwisho. Alinawa vizuri. Alifunua kurasa kwa adabu. Walipofika sitini na mbili, mama akafunga, akapiga kofi, "Zimetimia!" Na yule bwana akaitikia, "Zimetimia, mama." Aliitikia kwa kinywa chake!

Wiki ya tatu baada ya hapo, binti alikwenda kwa daktari wa meno. Akakaa kwenye kiti cha matibabu, akainua macho. Ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu ya uongo, palikuwa na kiota cha shomoro.

"Nilimwambia mama," anasema binti. "Akaniambia, 'Itakuwa nakala hiyo, mwanangu, usinitie presha.' Lakini kesho yake asubuhi akavaa viatu. Akasema jino linamuuma. Mama yangu hakuwa na jino bovu hata moja."

Wapendwa, mama wa watu alifungua kinywa, akakubali kugongwagongwa meno mazima, ili tu apate kukaa karibu na ukuta ule. Daktari alipogeuka kunawa, mama akaigeuza fremu. Mgongo wake ulikuwa wa kadibodi nyepesi, akainyanyua kwa ukucha. Nyuma ya karatasi, pembeni kwa chini, palikuwa na tisa ya penseli, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Alikwenda kwa miguu mpaka duka la fremu. Na huko ndiko alikolikuta jalada lake. Lile alilolishona miezi saba lilikuwa juu ya meza ya kazi, tupu, na juu yake pamewekwa kopo la gundi na kisu. Bwana Fremu hakuona haya. Alimwambia, "Mama, si uliniuzia? Ni mali yangu. Kitabu kizima kingekaa kabatini, angekiona nani? Sasa mji mzima unaviona viota vyako."

Nimesikia watu wakimtetea kwa hoja hiyohiyo. Wanasema ana akili ya biashara. Akili gani? Mtu anayedanganya kwa jina la watoto mia nne ana akili gani ya kusifiwa? Shule hiyo haipo. Kabati la kioo halipo. Kilichokuwepo ni kisu.

Bado kuna pigo la mwisho. Akamfunulia ule ukurasa wa orodha, akamwambia huku anacheka, "Halafu nyota zako zimenisaidia sana. Wateja wenyewe walitaka zenye nyota kwanza." Bi Zimetimia aliomba jalada na ule ukurasa. Akapewa bure, kama takataka.

"Aliporudi nyumbani alijipiga mkono," anasema binti. "Alikuwa anaupiga huu wa kulia. Anasema, 'Huu ndio ulimwonyesha njia. Penseli yangu ndiyo iliyomshika mkono.' Nilimwambia, mama, wewe uliandika ili mtu asiibiwe. Hakusikia."

Alilia siku mbili. Siku ya tatu akachukua orodha ile ile na kuanza kuzisaka. Picha sitini na mbili, katika mji mzima. Ilimchukua miaka tisa. Alikwenda kwenye mahoteli, ofisi za mawakili, saluni, sebule za matajiri. Anabisha hodi, anasema, "Nimekuja kutazama kiota chenu." Akiruhusiwa, anaeleza habari yote, kisha anatoa picha nyingine ya ukubwa uleule aliyokuja nayo kwenye mfuko, kalenda za zamani, maua, farasi. "Tubadilishane, mwanangu. Ukuta wako hautabaki uchi." Wengine walimpa papo hapo kwa machozi. Wengine walimfungulia mbwa. Mwanasheria mmoja alimzungusha miaka miwili, kisha akaitoa ya kwake siku alipohama ofisi, maana gari lilikuwa limejaa.

Yule daktari wa meno alikuwa wa kwanza kutoa. Na akamwambia, "Bibi, wakati ule nilijua kabisa jino halikuumi."

Kila picha iliporudi, binti na mama walikaa mchana mmoja, wakaishona mahali pake. Hesabu ikafika hamsini. Ikafika sitini. Ikafika sitini na moja. Orodha ikabaki na namba moja tu isiyotiwa alama: arobaini na moja, kiota cha mnana, kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi. Kina nyota. Ndicho alichokipenda kuliko vyote. Lakini neno lake hakulisema tena. Miaka tisa mizima, kila kitabu alichouza alikifunga kimya. Wateja wapya hawakujua kwa nini anaitwa vile.

Alijua ilipo picha hiyo. Fundi saa ndiye aliyeiona na kumwambia, alipokwenda kupeleka tangazo la msiba wa shemeji yake. Kupeleka wapi? Redioni. Redio gani? Hii.

Ndiyo. Mmesikia sawasawa. Picha ya arobaini na moja ilikuwa ukutani, hapa kwetu, mapokezi, juu ya benchi la wageni. Bwana Fremu alitupambia ukuta wote kama zawadi, na matangazo yake ya fremu mnayasikia hapa kila siku mchana. Mimi nimepita chini ya kiota kile kwa miaka, asubuhi na jioni, nikakiona kizuri.

Bi Zimetimia alikuja hapa mara tatu, kila mara akakaa kwenye benchi lile, chini ya picha yake. Mara ya kwanza akaambiwa aandike barua. Akaandika. Mara ya pili akaambiwa mkubwa amesafiri. Mara ya tatu, alipotoka tu, mlinzi akaambiwa asimpitishe tena mtu wa viota. Danadana tupu, kwa mtu mzima mwenye picha ya farasi kwapani! Na ile mara ya pili nilimpita mimi mwenyewe. Nakumbuka kitambaa cha kijani kichwani. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaniitikia. Nikaenda zangu kuja kuwasomea ninyi habari za marehemu wengine. Sikumuuliza anangoja nini.

Hayo yote nimeyajua juzi, kwa mdomo wa binti yake, nilipomwita aje kusimulia. Alifika mapokezi akasimama pale pale, akainua macho.

Nina karatasi hapa. Ni salamu za rambirambi za Bwana Fremu, ameomba zisomwe kwa heshima. Sitazisoma. Naikunja, mnaisikia? Imekwenda.

Asubuhi ya leo nimepanda juu ya benchi lile nikaishusha picha ile. Sikuomba ruhusa. Nimetoa mgongo wa kadibodi, na pembeni kwa chini ipo: arobaini na moja, kwa penseli. Mkubwa wangu yuko nje ya mlango wa studio sasa hivi, namwona midomo inavyokwenda. Kesho msiponisikia hapa, mtajua sababu, wala msinihurumie. Nimechelewa sana kustahili huruma.

Kwa binti, kwa wajukuu, kwa fundi saa aliyempoteza jirani, poleni. Poleni sana. Mungu awape subira. Na kwa kituo hiki, nikiwemo mimi, hakuna pole. Kuna haya tu.

Nanyi mlioko majumbani na maofisini, nawaomba mnyanyuke. Simameni mbele ya kitu kizuri mlichokitundika ukutani. Kigeuzeni. Tazameni nyuma, pembeni kwa chini, mjue kilitolewa wapi na nani anakitafuta. Mkimkuta mama amekaa kwenye benchi la ofisi yenu, muulizeni amefuata nini, kisha mngoje ajibu.

Binti yuko nami hapa studio, ng'ambo ya meza. Nilipokuwa nazungumza nanyi, yeye alikuwa anaishona picha ile mahali pake kitabuni. Sasa amekata uzi. Amehesabu kwa kidole, polepole, mpaka sitini na mbili. Amekifunga kitabu. Nimemsogezea kipaza sauti, nikamngoja alitamke lile neno la mama yake.

Hakulitamka. Ameniangalia tu, akasema, "Alikaa kwenye benchi lenu mara tatu."