Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Tuktuk ya kwenda mtaa wa Huruma ilikuwa imebeba watatu nyuma, na mwalimu Jemutai, aliyebanwa pembeni na vitabu vya kusahihisha, alisikia yote bila kutaka.

Nanzala, aliyempakata mjukuu wake mchanga, alikuwa anamweleza mzee asiyemjua habari za marehemu mwajiri wake, Mama Hansa, Mhindi wa dini ya Kijaini. "Nilimpikia miaka kumi na tisa, Mzee. Alikuwa anaomba kitu moja tu: roho yake ifunguliwe, ipande juu kabisa, isizaliwe tena. Huko haina mwili, haina shida, haimtamani mtu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Jemutai aliona mbingu hiyo ni baridi kuliko Timboroa kule milimani.

"Sasa huyu alizaliwa, akalia siku tatu. Sisi Wabukusu tunamtajia mtoto majina ya waliokufa. Akinyamaza, huyo ndiye amerudi. Tukamaliza ukoo wote. Mimi na ujinga wangu, nikasema Hansa."

"Akanyamaza?"

"Papo hapo."

Mzee akakohoa. "Alichoka tu, Mama. Mtoto akilia siku tatu lazima achoke."

"Nimejiambia hivyo. Lakini yule mama mwishowe aliacha chakula, akaacha hata maji, ndio asirudi. Na mimi nimemrudisha kwa nyumba ya mabati."

Tuktuk ikasimama. Nanzala akamfunika mtoto uso, kama mtu anayeficha kitu cha wizi, akashuka.