Mzee Kelestini na Jina Alilolitoa Kwenye Chupa

Baba Paroko, ndugu, majirani na waombolezaji wote, tumsifu Yesu Kristo.

Mzee Kelestini Vitus alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kijiji cha Mofu, akasoma hapo hapo hadi darasa la nne, na mwaka 1966 akaajiriwa jikoni katika nyumba ya mapadre hapa Ifakara, alikopika kwa miaka thelathini na tisa, na waliokula mapishi yake wanajua hakuwa mtu wa kubahatisha chumvi.

Tarehe 22 Juni 1974 alifunga ndoa na mama yetu Leticia, wakajaliwa watoto watatu, Beatus, Natalia na Restuta.

Huyo Beatus ana habari yake. Jumapili ya tarehe 7 Agosti 1977, kwenye jubilei ya padre mmoja mzee, ililetwa chupa ya divai yenye ujazo wa chupa nne, marehemu akauliza kwa nini inaitwa Yeroboamu, akaambiwa kwamba wauza divai wa Ulaya huzipa chupa kubwa majina ya wafalme wa Biblia, na kwamba Yeroboamu alikuwa mtu shujaa, hodari wa kazi, ila msimuliaji aliitwa mezani kabla hajamaliza. Kesho yake mama akajifungua mtoto wa kiume, kanisani akabatizwa Beatus, lakini nyumbani marehemu alimwita Yeroboamu, na ile chupa tupu akaifanya ya kuhifadhia mbegu ya mpunga.

Mwaka 1989, kwenye mafundisho ya Kipaimara, katekista alisoma habari yote, jinsi mfalme huyo alivyotengeneza ndama wa dhahabu akawakosesha Israeli, na tangu siku hiyo wenzake walimlilia mtoto kama ng'ombe kila apitapo, naye alipokimbilia kwa baba yake, marehemu alicheka pamoja nao. Kicheko hicho alikijutia hadi mwisho. Mwaka 1995 kijana aliondoka kwenda Mlimba, akaapa kutoitikia tena jina lile, na kwa miaka thelathini walisalimiana tu kama watu wa msibani.

Mwaka jana marehemu alipata kiharusi, na Jumapili iliyopita, tarehe 1 Juni 2025, alimpigia mwanawe simu, akaita, Yeroboamu, njoo nikuombe radhi. Mwana hakuitika jina, alijibu tu kwamba anavuna, atafika Jumamosi. Marehemu alifariki jana Ijumaa, saa tatu asubuhi. Jumamosi yenyewe ndiyo leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomgeuza kitandani, na wenzake wa jikoni waliokuja na sufuria zao bila kuombwa.

Historia hii imesomwa na mwanawe wa kwanza. Ile chupa naichukua, pamoja na mbegu iliyomo. Baba, radhi nimeipokea, na mimi naomba yangu. Pumzika kwa amani, uliniita Yeroboamu, nami nimeitika.