Suruali Nyeupe ya Ami Tijani

Naam, ni kweli, na ile suruali nyeupe nayo inaondoka. Tangu tangazo la kustaafu kwa Ami Tijani libandikwe karibu na chumba cha kubadilishia nguo, kila mtu ananisimamisha kuniuliza habari za suruali hiyo, kwa sababu mimi ni wa chumba cha kufulia. Basi niwajibu wote kwa mara moja kwenye ukurasa huu wa jarida letu.

Ami Tijani Zarrouk, mkuu wa samani za mabaraza katika hoteli yetu ya Dar Nawras hapa Mahdia, anastaafu Alhamisi tarehe 9 Oktoba, baada ya kutumika miaka thelathini na tisa na miezi sita. Alikuja mwezi wa Aprili mwaka 1986, kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye msumeno wake mwenyewe. Siku hizo tulikuwa na baraza moja tu. Leo tunayo matatu, yanayoteremka moja baada ya jingine hadi kwenye miamba, na hakuna kiti, meza, mwavuli wala kitanda cha jua kilichowahi kukaa juu yake bila kupita mikononi mwake.

Alianza na viti vya chuma, alivyovikwangua kutu na kuvipaka rangi kila majira ya baridi. Kisha ikaja miaka ya plastiki, ambayo hapendi kuizungumzia. Viti vile alikuwa akiviita viti vya kumsubiria daktari. Halafu ikaja mianzi, halafu kamba. Mwaka ambao upepo ulinyanyua mwavuli mkubwa na kuutua bandarini juu ya meza ya muuza samaki, Ami Tijani aliufuata kwa miguu, akabishana saa nzima, akarudi na mwavuli begani na kilo tatu za dagaa alizopewa bure. Mpaka leo hataki kusema alimwambia nini yule bwana.

Sasa suruali. Kila siku, kabla ya saa moja asubuhi, Ami Tijani huvaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi, huchomeka shada dogo la asumini nyuma ya sikio, kisha hukaa kwenye kila kiti cha hoteli. Haendi kupumzika. Anakaa, anaegemea, anajizungusha kidogo, anainuka na kukitazama kitambaa. Kama kuna kutu, chumvi, rangi iliyochubuka au kinyesi cha shakwe, suruali itasema, na mgeni hatachafuka. Mkewe, Bi Zohra, aliifua kwa mwezi mmoja tu. "Mimi niliolewa na fundi," alimwambia, "sikuolewa na daftari la madoa!" Tangu hapo suruali ikawa yetu sisi wa kufulia. Nilipoajiriwa, jambo la kwanza nililofundishwa lilikuwa kuisoma: doa la kahawia ni ngazi za juu, la kijani ni chini ya mizabibu.

Ni yeye pia aliyeniozesha, ingawa anakana. Alikarabati viti viwili vilivyotupwa, akaviweka nyuma ya ukuta wa jiko, kivulini, vikitazamana. Siku moja akaniambia, "Olfa binti yangu, kaa hapo ule kuskusi yako kwa amani." Nikakaa. Dakika tano baadaye akaja Ramzi, mhudumu wa baraza la chini, na sahani yake, naye ameambiwa maneno yaleyale. Tulikula macho yakiwa sahanini, nyuso zimetuiva kama nyanya. Kesho yake tulirudi wote wawili bila kutumwa na mtu. Ramzi wangu! Lakini nisipotee, ukurasa huu si wetu.

Mwaka huu, mwishoni mwa Mei, zikaja samani mpya za baraza la chini. Mliziona wenyewe zilivyoshushwa kwenye lori: viti hamsini na vinne vya mbao ya msaji, kikalio cha mbao sita zilizopangwa sambamba, na mgongo wa kamba nene za rangi ya mchanga, uliopinda kama kiganja. Vilibuniwa na Bi Selima, mbunifu wa kutoka Tunis, mahususi kwa ajili yetu. Ni vizuri mno. Na kwa kuwa ni vizuri mno, mkurugenzi wetu, Si Lotfi, yaani Bwana Lotfi, alitoa amri: mfanyakazi yeyote asikalie viti vipya, hata awe nani. Atakayekaa atapewa barua ya onyo.

Ami Tijani alikuwa amebakiza miezi minne. Barua ya onyo katika mwaka wa mwisho si karatasi tu, kwa sababu inaweza kumtoa mtu kabla ya siku yake, na stahili za mwisho zikaenda nayo. Kwa hiyo alitii. Siku kumi suruali ilikuja kwetu haina doa hata moja la baraza la chini, nasi tukajua kwamba hana raha.

Hata wageni walikuwa hawajavikalia, kwani viti vilipangwa kuzinduliwa kwa harusi yetu, mimi na Ramzi, Jumamosi tarehe 14 Juni. Hoteli ilitupa baraza kama zawadi. Gauni langu lilikuwa jeupe, limeshonwa na mama na shangazi zangu kwa miezi mitano.

Jumanne ya wiki ile, alfajiri, Ami Tijani alishuka ngazi peke yake, akakaa.

Saa tatu Si Lotfi na Bi Selima walikuwa kikaoni. Nilikuwa nimepeleka vitambaa vya meza, kwa hiyo niliyaona haya kwa macho yangu. Ami Tijani aligonga mlango akaingia.

"Ami Tijani, tuko kikaoni," alisema Si Lotfi.

"Najua, Si Lotfi. Nami nimeleta hoja."

Akawageuzia mgongo. Makalioni, kwenye suruali ile nyeupe, palikuwa na mistari sita ya kahawia, imenyooka kama ya daftari.

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Baada ya kukatazwa?"

"Baada ya kukatazwa. Kiti cha kumi na saba, cha ishirini na mbili, na vyote vya karibu na ngazi. Andika barua yako, mwanangu, lakini kwanza mtazame yule binti mlangoni. Jumamosi atakaa hapo na gauni jeupe."

Bi Selima alivaa miwani, akazunguka meza, akainama na kuyakagua makalio ya mzee wa watu kama anayesoma ramani. "Haya ni mafuta ya mbao," alisema. "Hayajakauka. Lakini kiwandani tulisubiri siku mbili!"

"Kiwandani kwenu hakuna bahari, Bi Selima. Hapa usiku mbao inakunywa unyevu. Mafuta hayo mngeyasubiri siku nane, tena kwenye upepo wa bara. Mchana yanaonekana makavu, ila mtu akikaa na joto lake, yanatoka."

Bi Selima akacheka hadi machozi. Kisha akamwambia mkurugenzi, "Nimebuni viti miaka kumi na mitano, na hakuna aliyewahi kunipa taarifa safi kama hii. Namtaka mtu huyu aongoze kazi, leo."

Si Lotfi ameniruhusu kusimulia haya kwa sharti moja: niseme kwamba asubuhi ile alikuwa hajanywa kahawa. Barua ilikwisha kuchapwa. Haikutiwa saini.

Sisi wa kufulia tulichana mashuka chakavu kumi na manne yakawa matambara. Siku mbili kila aliyekuwa na mikono alifuta mbao kwa tapentaini, wapishi kwa watunza bustani, Ami Tijani akipita nyuma yetu. "Unaifuta mbao au unaibembeleza?" alimuuliza Ramzi. "Mbembeleze mchumba wako!" Viti vikapinduliwa kuuelekea upepo wa bara, vikakaa hivyo hadi Ijumaa.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alishuka na suruali niliyoipiga pasi mwenyewe. Akakalia viti vyote hamsini na vinne. Si Lotfi alimfuata hatua kwa hatua, na kila mzee alipoinuka alimwambia, "Geuka, Ami." Kwenye kiti cha mwisho, ambacho kingekuwa changu, Ami Tijani alikaa muda mrefu kuliko vyote.

"Geuka, Ami."

Nyeupe.

Nilitoka kwenye harusi yangu na gauni safi kama lilivyotoka mikononi mwa mama. Mume wangu huniambia kwamba niling'aa. Mimi najua niliokolewa na nani.

Bi Selima tangu hapo ameandika katika kijikaratasi kinachoambatana na viti vyake kwamba kila asubuhi vikaliwe na mtu aliyevaa nguo nyeupe. Na kazi ya mabaraza, kuanzia Ijumaa tarehe 10, amepewa Ramzi. Wiki iliyopita Ami Tijani alimpeleka sokoni kununua suruali tatu.

Ami Tijani, asante kwa kila asubuhi uliyochafuka ili wengine wasichafuke. Asante kwa viti viwili nyuma ya jiko. Mungu akupe wewe na Bi Zohra siku ndefu zisizo na kutu, na vivuli visivyohama upesi. Hoteli imekuzawadia kiti cha kumi na saba, na tumesikia kwamba umekiweka uani na bado hujakikalia, eti unangoja kikaguliwe kwanza na mwenye kazi.

Basi usikikalie. Kabla Oktoba haijaisha, mimi na Ramzi tutabisha hodi kwako asubuhi na mapema, sote wawili tumevaa nyeupe.