Kilima Alichokitwaa Mfalme

Mheshimiwa Mchungaji Mukendi, mwenyeji wetu katika ukumbi huu wa Schaerbeek; Maman Pétronille, mama yangu mzazi uliyefunga safari kutoka nyumbani Kalemie, kando ya ziwa, hadi huku Ulaya; papa na maman wote; ndugu wageni waalikwa, hamjambo.

Tumekusanyika kwa ajili ya binti yangu Darlène, ambaye juzi alitetea tasnifu yake ya udaktari. Kwa miaka yote hiyo tulijisifu kwamba anasomea bandari, wala hatukuuliza bandari gani. Mzee wetu Tonton Constant akamfuata kabisa: "Darlène, weye njo unasomaka port, alors gari yangu ya mu port ya Anvers itatoka siku gani?" Cheka tonton, ila hata mimi babake sikujua zaidi yako.

Bandari yenyewe ni Winchelsea, ya Uingereza, iliyokuwa ikiliwa na bahari zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Mfalme Edward wa Kwanza alifanya nini? Angeweza kutuma pole na kunyamaza. Yeye alitwaa kilima cha jirani, akatuma watu wapange mitaa, parcelle kwa parcelle, yaani kiwanja kwa kiwanja, kabla dhoruba kubwa haijaumaliza mji wa zamani. Watu wakahama na jina la mji wao.

Niliposoma hayo katika tasnifu yake nililia, kwa sababu niliiona Kalemie. Ziwa limeingia uani kwetu. Maman, tumekusihi uhamie kwa dada yangu Mwadi kule mlimani, nawe unajibu: "Miye sitoke. Bwana yangu njo analala mu hii parcelle. Ziwa itachoka, itarudia." Uchungu wako tunaujua, maana aliyelala pale ni baba yetu. Lakini je, wale wa Winchelsea hawakuwa na makaburi?

Bon, sisi hatuna mfalme. Tuna Darlène, na Darlène ametangaza kwamba wiki ijayo anarudi pamoja nawe. Hatakubishia, atalala pale utakapolala, hata maji yakifika kitandani. Nimembembeleza, hasikii, na ukaidi huo ameurithi kwako. Mimi ni baba, naogopa, na hilo nalisema mbele ya watu hawa wote.

Kwa hiyo, maman, sikuombi tena ujihurumie. Nakuuliza neno moja tu: mtoto wangu atalala wapi?

Ndugu zangu, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza.