Bi. Raheli Ntandu na Dakika Ishirini na Tano za Mchana

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Raheli Ntandu, Mtunza Masjala wa Ushirika wa Alizeti Njiapanda, Ikungi, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Katika miaka hiyo amefanya kazi chini ya mameneja saba, amehama majengo mawili, amezoea taipureta, kisha kompyuta, kisha mfumo mpya wa kompyuta ambao haujawahi kuwaka. Na kila siku ya kazi, kuanzia saa saba na dakika tano mchana hadi saa saba na nusu, amelala.

Tunalisema mapema kwa sababu kila mtu hapa analijua. Kuandika wasifu wa Mama Witness, kama tunavyomwita kwa jina la binti yake wa kwanza, bila kutaja usingizi, ni sawa na kueleza habari za Singida bila kutaja upepo.

Alizaliwa Ihanja mwaka 1965. Alijifunza uhazili Singida mjini na kuajiriwa mwaka 1991, wakati ushirika wetu ulikuwa na chumba kimoja, mashine moja ya kukamua mafuta na mafaili kumi na manane. Leo mafaili yamezidi elfu mbili. Mashine bado ni moja.

Usingizi wake una utaratibu kuliko idara nyingi za ofisi hii. Saa saba kamili anakula haraka. Saa saba na dakika tano anavua viatu, anavipanga chini ya kabati, anatandika mkeka nyuma ya rafu ya mafaili ya zamani na kujifunika kitenge. Hakoromi, wala haweki saa ya kumwamsha. Saa saba na nusu anafumbua macho, anakunja mkeka, na hapo inaanza sinema. Simu inaegemezwa kwenye boksi la mihuri, Bi. Sikudhani wa usafi anasogeza kiti na bakuli la karanga, na wote wawili wanatazama hadi saa nane kamili, kazi inaporejea. Filamu ya saa mbili inawachukua siku nne. Ijumaa ni ya kujadili.

Wanapenda zaidi filamu zilizotafsiriwa, zile ambazo mtafsiri anawapigia kelele wahusika kwa Kiswahili na kuongeza maneno ambayo mwenye filamu hakuyawaza. Bi. Sikudhani hulia mapema, kabla hata jambo la kusikitisha halijatokea, ili lisimkute ghafla. Mama Witness halii. Yeye huuliza maswali ya kimasjala: yule tajiri alitunza wapi wosia wa baba yake, na kwa nini hakubaki na nakala?

Msomaji makini atakuwa amegundua kwamba saa saba hadi saa nane ni muda wa chakula, na kwamba mtumishi ana haki ya kuutumia apendavyo. Mwaka 2017 aliajiriwa hapa Afisa Utumishi kijana ambaye hakuligundua hilo. Alikuja na stashahada mpya, tai mbili na daftari lenye kichwa cha habari "Tija." Wiki ya pili alipita masjala, akaona miguu miwili ya mama mtu mzima ikitokeza nyuma ya rafu, akarudi mezani kwake na kuandika barua kwa Meneja: "Yah: Mtumishi Kulala Katika Eneo la Kazi."

Afisa huyo anaitwa Emilian Kijanga. Ndiye mimi ninayeandika wasifu huu.

Sikuwaza jambo moja dogo. Barua zote za ofisi hii kwenda kwa Meneja hupitia masjala. Niliikabidhi dirishani ikiwa imekunjwa, nikageuka haraka. Kabla sijafika mlangoni nilisikia naitwa.

"Mwanangu Emilian, hebu rudi."

Nikarudi. Alikuwa ameshaisoma yote, kama anavyopaswa kusoma barua zote.

"Hii barua haina tarehe," alisema. "Ukiipeleka hivi itarudishwa. Kaa hapo, andika tarehe."

Nikaandika. Akaigonga muhuri, akaiandika kwenye rejesta, akaifungulia faili jipya lenye jina lake mwenyewe, akalichukua na kulipeleka kwa Meneja kwa miguu yake. Aliporudi aliniuliza kama nimekunywa chai.

Meneja wa wakati huo, Bwana Philipo Mghwai, alikuwa mtu wa hatua. Aliunda kamati. Kamati ya watu watatu, nami nikiwa katibu, ilipewa siku tano za kuchunguza usingizi huo. Ili kuuchunguza ilibidi tukae masjala kila mchana tukimtazama. Siku ya kwanza tuliandika kwamba alilala. Siku ya pili tuliandika hivyohivyo. Siku ya tatu mwenyekiti wa kamati alisinzia kabla ya mtuhumiwa. Siku ya nne mjumbe mwingine aliomba asogezewe mkeka. Siku ya tano, Ijumaa, wajumbe wawili walibaki kujadili filamu na Bi. Sikudhani. Ripoti yetu ilikuwa na kurasa kumi na tisa, na kwa wiki nzima watu watatu wazima hatukufanya kazi nyingine yoyote. Tuliisifu ripoti hiyo sana.

Mama Witness alihamishiwa kituo chetu cha kununulia alizeti Ihanja, akapime magunia kwenye mizani, "kwa maslahi ya kazi." Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Aliisoma barua ya uhamisho, akaigonga muhuri, akaifaili. Kisha alikabidhi funguo kwa Bwana Peniel, karani aliyepewa nafasi yake, akamwonyesha kila rafu, na Peniel akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia. Nilimwona akitoka na mkeka wake kwapani. Sikujisikia vizuri, lakini nilijiambia kwamba hiyo ndiyo tija.

Ihanja ilikuwa msimu wa mavuno. Wakulima walipanga foleni juani tangu asubuhi, wakigombana nani katangulia. Siku ya tatu Mama Witness aliomba televisheni ndogo ya binti yake, akaiweka kwenye dirisha la ghala, akaiunganisha na umeme wa jua. Ikifika saa saba mizani inafungwa, watu wanakula, yeye analala, na saa saba na nusu sinema inaanza. Ugomvi ukaisha. Wakulima waliokuwa wakiwauzia walanguzi wakaanza kuleta magunia kwetu, na wengine walikuja alfajiri kwa hofu ya kukosa mwanzo wa filamu. Kituo cha Ihanja kiliongoza vituo vyote msimu ule. Katika taarifa ya mwaka, jambo hilo liliandikwa chini ya kichwa "Mkakati wa Menejimenti wa Kuwavutia Wakulima kwa Njia za Kisasa."

Huku makao makuu, Peniel alipanga mafaili upya kwa rangi ya majalada. Yalipendeza kweli. Wageni walipiga nayo picha.

Mwezi wa nne wa mpangilio huo, mfanyabiashara mmoja alifungua shauri Baraza la Ardhi akidai kuwa kiwanja ilipokaa mashine yetu ya kukamua ni cha marehemu baba yake. Alikuwa na karatasi. Sisi tulitakiwa kuleta barua yetu halisi ya kugawiwa kiwanja, Alhamisi asubuhi. Tukaanza kuitafuta Jumatatu. Tulipekua faili la Viwanja, tukapekua la Majengo, tukapekua la Mashine. Jumanne Bwana Mghwai mwenyewe alipiga magoti sakafuni na shati lake jeupe. Wanachama mia nne walikuwa wanategemea mashine ile. Wengine walishaanza kuja getini kuuliza kama ni kweli inang'olewa. Sisi tuliwajibu kwamba suala linashughulikiwa.

Jumatano Meneja aliniambia nipande gari, twende Ihanja. Tulifika saa saba na dakika kumi.

Meneja akataka kuingia ghalani moja kwa moja. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akanyoosha fimbo kuzuia mlango.

"Taratibu, bwana. Mama anapumzika."

"Mimi ni Meneja wa ushirika," akasema Bwana Mghwai.

"Karibu sana, Meneja. Kaa. Sinema ni saa saba na nusu."

Basi Meneja, ambaye saini yake ndiyo iliyomleta mama yule pale kwa kosa la kulala, aliketi juu ya gunia la alizeti akamsubiri amalize kulala. Nami niliketi karibu yake. Zilikuwa dakika ishirini ndefu kuliko zote za utumishi wangu.

Alipotoka tulisimama wote wawili kama wanafunzi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mmekula?"

Hatukuwa tumekula. Meneja alieleza shida pamoja na mpangilio mpya wa rangi, maneno yakigongana. Mama Witness alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Tafuteni faili la choo."

"Choo?"

"Choo cha mwaka tisini na nne. Bwana afya alitaka kuona mipaka kabla shimo halijachimbwa, barua ikawekwa humo, na meneja wa wakati ule akaandika isihamishwe. Sikuihamisha. Jalada lake ni la kahawia. Yako mengi ya kahawia, lakini mmeyapanga pamoja, hamtahangaika."

Tulilipata jioni ileile. Alhamisi wajumbe wa Baraza waliisoma barua, wakaangalia muhuri na saini, na kiwanja kikabaki chetu. Mashine inayonguruma nyuma ya ofisi zetu mnapousoma wasifu huu ipo kwa sababu ya mama aliyekumbuka choo.

Wiki iliyofuata alirudishwa masjala kwa barua mpya, "kwa maslahi ya kazi," maneno yaleyale. Hakuna aliyemwomba radhi. Menejimenti iliona kumwomba radhi kungeleta picha mbaya. Miezi mitatu ilimchukua kuyarudisha mafaili mahali pake, na Peniel alimsaidia, safari hii akisikia kweli.

Mimi nilikusudia kumwomba. Niliandaa maneno usiku kucha, nikaenda masjala mchana kwa makusudi, nimngoje aamke. Nilikaa kwenye benchi. Chumba kilikuwa na joto la bati na harufu ya karatasi za zamani, na nje upepo ulikuwa unasukuma kitu fulani pole pole. Nikajiambia nifumbe macho kidogo nikumbuke nilivyopanga kuanza.

Nilipoamka ilikuwa saa tisa kasorobo. Nilikuwa nimefunikwa kitenge. Mlango ulikuwa umefungwa, na nilipoufungua nilikuta karatasi imebandikwa kwa nje, kwa mwandiko wake mzuri wa uhazili: KIKAO KINAENDELEA. Mama Witness alikuwa amehamishia rejesta yake kwenye meza ya korido na kupokea barua za watu hapo. Meneja alikuwa amepita mara mbili, akasoma karatasi, akaondoka kwa kunyata.

"Umepata nafuu, mwanangu?" aliniuliza bila kuinua macho.

Nikasema nimepata. Yale maneno niliyoyaandaa hayakutoka, na hayajatoka kwa miaka minane. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu nilijua ni kwa nini nimeikubali. Mama Witness, nilikukosea. Ulikuwa umelala na haki yako, nami nilikuwa macho bila haki. Nisamehe.

Anastaafu na kurudi Ihanja, ambako wakulima wameshaandaa viti na wanauliza analeta filamu gani. Hatutamwambia "pumzika kwa amani," maana maneno hayo yana wenyewe. Kwa niaba ya wafanyakazi na wanachama wote tunasema asante, Mama, kwa miaka thelathini na minne. Mungu akupe siku nyingi, mchana mrefu na mkeka laini. Nenda ukalale. Wakija kukutafuta, tutawaambia uko kikaoni.