Geuza Kwanza: Maneno ya Kumuaga Bi Mwatima

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mama Gaudiosa, mlezi wa jumuiya yetu ya Watanzania hapa Guangzhou. Shehe wetu Maulid. Ndugu zangu wafanyabiashara wa masoko ya Zhanxi na Zhongda, na nyinyi mliotoka bandarini Huangpu mkayaacha makontena yenu yakisubiri. Vijana wetu wa vyuo vikuu. Na wewe Bi Mwatima, mwenye shughuli yako: assalaam alaykum, na kwa wenzetu, Bwana asifiwe.

Kabla sijafika mbali, niseme kwamba nimewaona. Chakula kilipoletwa, meza ile ya pembeni ilikuwa inageuza sahani. Ukumbi wa watu, sahani safi, na nyinyi mnazipindua kutazama kitako. Yule binti anayehudumu amebaki na bakuli la supu mkononi hajui aliweke wapi. Mnadhani niliona aibu? Wallahi niliona fahari. Katika mji huu ukimwona mtu anaingia duka la vyombo, na kabla hajauliza bei anakigeuza chombo chini juu asome maandishi ya kitakoni, jua huyo ni wa kwetu. Malaoban wenyewe, hao matajiri wenye maduka, wanatutambua. Wakituona tu mlangoni wanatugeuzia wao, kutuondolea usumbufu.

Geuza kwanza. Kila mgeni anayeshuka uwanja wa ndege hapa tunamfundisha maneno hayo kabla hatujamwonyesha pa kulala. Na aliyeyaleta ni nani? Mama Gaudiosa ametuambia sasa hivi, kama alivyoambiwa: kwamba yaliletwa na mwenyekiti wenu, mimi Marijani, na kwamba Bi Mwatima, anayerudi Unguja keshokutwa, ni mwanafunzi wangu aliyempita mwalimu wake. Mkapiga makofi. Na mimi nikapiga, Mungu anisamehe. Naomba niisimulie upya habari hiyo, na safari hii niisimulie ilivyokuwa.

Bi Mwatima hakuja hapa kama mkaguzi wa bidhaa mnayemjua leo. Alikuja kupika. Na kabla ya hapo, alifanya kazi za ndani Dar es Salaam kwa miaka kumi na minne, nusu kwa familia ya Waingereza, nusu kwa familia ya Wakanada. Kwa Mwingereza hakupata taabu, kwa sababu nyumba zetu, mtake msitake, zilirithi umeme wake: soketi ya matundu matatu yenye swichi yake pembeni, na taa unaiwasha kwa kubonyeza chini. Mashine ya kufulia ilikaa jikoni, birika la umeme halikupoa kutwa nzima, na kila kilichokuja kutoka kwao kilichomekwa ukutani kikafanya kazi.

Kwa Mkanada mambo yalikuwa mengine. Mama mwenye nyumba alikuja na vitu vyake vyote, na jikoni kulikuwa na sanduku zito la chuma la kupunguza umeme, kwa sababu huko Amerika ya Kaskazini umeme wa nyumbani ni karibu nusu ya wetu. Plagi zao zina meno mawili bapa. Balbu zao ni za skrubu. Shuka zao hazikutosha kitanda chochote cha Kariakoo, na mtoto wao mdogo alisimama gizani akiisukuma swichi juu, maana kwao taa huwashwa hivyo. Siku moja Bi Mwatima alisahau, akachomeka pasi ya yule mama ukutani bila kuipitisha kwenye sanduku. Ikaungua mbele ya macho yake, na nguo ya kanisani ya yule mama ikaungua nayo. Tangu siku hiyo, kila chombo akikishika anakigeuza. Akiona volti mia na ishirini, anajua hiki ni cha nyumba za kule, kipite kwenye sanduku. Akiona mia mbili na ushee, kiende ukutani.

Sasa njooni Huangpu, miaka tisa iliyopita. Nilikuwa napakia mabirika ya umeme elfu mbili, yanakwenda duka la dada yangu Kariakoo. Kiwanda kiliyatengeneza kwa ajili ya Amerika, mteja wake akajitoa, nami nikayapata kwa bei ya kulala nacheka. Nilijiona mjanja, kwa kuwa niliagiza plagi zibadilishwe, ziwekwe za meno matatu kama za nyumbani. Plagi nikabadilisha, tumbo la birika nikaliacha lilivyo. Kitako sikukitazama. Nani alikuwa anatazama vitako wakati huo?

Bi Mwatima aliingia stoo na hotpoti la wali na maharage, chakula chetu cha mchana. Akaweka chini, akachukua birika moja, akaligeuza. Akaniambia, "Kaka Marijani, haya ya nyumba za kule. Yataungua." Mbele ya wapakiaji, mbele ya laoban mwenye stoo, mbele ya ndugu yetu Dullah aliyekuwa wakala wangu, nilimjibu hivi, na nayarudia kama nilivyoyasema: "Wewe shughulika na wali. Mtumishi wa ndani atanifundisha kontena?"

Bi Mwatima akalijaza birika maji, akalichomeka kwenye soketi ya stoo inayopokea plagi za kila nchi, na umeme wa hapa mnajua ni sawa na wa nyumbani. Maji yakachemka upesi mno, mimi nikacheka, nikamwambia, unaona linavyofanya kazi? Sikumaliza kucheka. Ikaja harufu, ukaja moshi, kisha pu, umeme wa stoo nzima ukakatika. Tukabaki gizani, na sauti iliyosikika ilikuwa ya Bi Mwatima peke yake: "Kuleni basi, wali unapoa."

Kontena halikuondoka. Yale mabirika yalirudi kiwandani yakabadilishwa matumbo. Ndugu zangu, hebu fikirini elfu mbili ya yale ndani ya nyumba za watu, majikoni mwa mama zetu, kwenye vyumba vya kupanga vyenye pazia la nailoni pembeni ya soketi. Mimi nimefikiria kwa miaka tisa.

Wiki iliyofuata tulikuwa na mkutano wa jumuiya. Habari zilikwishaenea, mtu akauliza, nani aliyegundua? Nikaona haya kusema nimeokolewa na mpishi niliyetoka kumtukana. Nikasema: mimi. Nilisema neno hilo moja tu, na mwaka ule ule mkanichagua mwenyekiti. Dullah alijua. Yule pale, ameinamisha kichwa, na kosa si lake, nilimwomba anyamaze. Bi Mwatima naye alisikia, kesho yake akaleta wali kama kawaida. Nilipoanza kumwita kimyakimya anikagulie mizigo, alikuja. Mlipoanza kumwita nyinyi, mkadhani mimi ndiye niliyemfundisha, hakuwasahihisha. Mara moja tu nilithubutu kumuuliza kwa nini. Akasema, "Nilitaka nyumba zisiungue. Hilo nimelipata. Lile jingine ni lako wewe na Mungu wako."

Basi leo nalimaliza. Nataka Fathiya, anayechukua nafasi yake kuanzia kesho, ajue kazi hii imetoka wapi. Fathiya mwanangu, haikutoka ofisini kwangu. Ilitoka kwa mwanamke aliyefua na kupiga pasi kwenye nyumba za watu wa nchi mbili, na macho yake yakawa wazi muda wote. Wapo humu ambao mama zao walifanya kazi hiyo na wanaificha. Msiifiche. Sisi sote tuliokaa hapa tunakula kwa elimu ya jikoni. Nami najivunia kuwa nimekula wali wa mikono ile. Kuhusu kiti cha uenyekiti, mkutano ujao mtaamua, na mtakaloamua nitalikubali.

Bi Mwatima, jumuiya imekutengenezea ngao hii ya shukrani. Mbele imechorwa kwa maandishi ya dhahabu, "Kwa Bi Mwatima, mwanafunzi wa Mwenyekiti Marijani." Niliyaidhinisha mwenyewe mwezi uliopita, na tangu hapo usingizi umenipaa. Nilichelewa kuyafuta, kiwanda kilikwishachonga. Lakini asubuhi nimechukua ile kalamu nyeusi tunayoandikia maboksi, nikaandika kwa mkono wangu mahali ambapo wewe ulitufundisha kutazama.

Mama Gaudiosa, nakuomba radhi kwa kukupa maneno yasiyo ya kweli uyasome. Shehe, uniombee. Na nyinyi nyote mliotulia mkanisikiliza mpaka mwisho, nawashukuru, ahsanteni sana.

Dada, njoo uipokee. Usiisome mbele. Igeuze, uwasomee kwa sauti yako. Pameandikwa, "Mwalimu wa Marijani."