Bi Tazama Chini na Upasuaji wa Kinyama

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, kliniki yetu ya macho inapata ahueni. Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kutugeuzageuza kope, tabibu wa Chumba Namba Nne, anayejulikana na wote kama Bi Tazama Chini, anastaafu. Wasifu kama huu kwa kawaida humpaka mstaafu mafuta kwa mgongo wa chupa. Tutajitahidi, ingawa mhusika hapakiki.

Jina lake limetokana na maneno mawili aliyoyasema mara nyingi kuliko salamu. Ili kope ya juu igeuzwe na kilichojificha chini yake kionekane, lazima mgonjwa atazame chini, na Bi hakujali aliyeketi kitini ni nani. Jaji alitazama chini. Mkurugenzi wetu alikuja kukagua mapazia tu, akatazama chini, akaondoka na matone ya dawa. Hata sisi wa zamu ya asubuhi, tuliokuwa tukifika kope si zetu, alitukumbusha kwamba kweli si zetu, ni zake.

Alianza kama muuguzi msaidizi wa kushika tochi. Akaenda masomoni mara mbili, na mara zote mbili akarudi kwenye chumba kilekile chenye dirisha lisilofungika. Aliahidiwa dirisha jipya katika mwaka wake wa tatu wa kazi. Mafundi wako njiani.

Mafanikio yake ni mengi, na mengine yameleta ugomvi katika familia za watu. Yupo bibi mmoja aliyetokwa machozi miaka sita mfululizo tangu mumewe afariki. Ukoo mzima ulimsifu. Mawifi walimtaja katika kila harusi kama mfano wa mapenzi. Bi Tazama Chini akamgeuza kope, akakuta nywele zake zimeelekea ndani na zinamkwaruza jicho kila akipepesa. Akamfanyia upasuaji mdogo, kope ikakaa sawa, machozi yakakatika. Wiki mbili baadaye mawifi walikuja kulalamika kwamba tumemfanya mjane amsahau kaka yao. Bibi mwenyewe alikaa pembeni, macho makavu, akisoma gazeti.

Wenye chokea nao hawakubembelezwa. Aliyekuja na kijipu cha kope alichokipaka dawa ya meno, kitunguu saumu au mate ya shangazi yake, aliambiwa akamshukuru shangazi, kisha arudi akiwa amenawa.

Sasa tufike kwenye aibu. Miaka tisa iliyopita, ripoti yetu ya mwezi ilikwenda makao makuu ikiwa na sentensi hii: "Wagonjwa kumi na saba walifanyiwa upasuaji wa kinyama." Hapa kwetu kila mtu, hata mfagiaji, anajua kinyama ni nini: ni kile kipande cha nyama kinachoota kwenye weupe wa jicho, upande wa pua, kikatambaa taratibu kuelekea mboni. Makao makuu hawakujua. Walichosoma ni kwamba yupo tabibu anayepasua watu kama hayawani, na tena anajisifia idadi. Ikaja tume ya watu watatu na barua ya kumsimamisha kazi, imeshapigwa chapa, imebaki tarehe tu.

Aliyeacha maneno "cha jicho" kwa sababu kisanduku cha fomu kilikuwa kidogo ni karani wa masijala, yaani mimi ninayeandika wasifu huu. Nilisimama mlangoni nikijifanya hamnazo. Bi angeweza kunitaja na yakaisha. Hakunitaja. Alinishika mkono, akanikalisha kitini, akaniinua kope na kunimulika kwa tochi mbele ya wakubwa.

"Hiki ndicho kinyama," aliwaambia. "Na mwenyewe ni mwoga."

Wakanichungulia kwa zamu, mmoja wao akachora. Barua ikarudi mfukoni.

Sikumshukuru. Nilinuna. Kile kinyama nilikuwa nikikiita wekundu wa vumbi, na sasa kilikuwa kimeingia kwenye kumbukumbu za serikali. Tangu hapo, kila tarehe mosi, Bi aliandika kwa penseli pembeni mwa daftari langu umbali uliobaki kufika kwenye mboni. Milimita tatu. Milimita mbili na nusu. Nami visingizio sikukosa: mwisho wa mwezi, mafua, mwisho wa mwezi mwingine. Nimepiga chapa majina ya maelfu waliopasuliwa wakatoka na miguu yao wenyewe, na bado niliogopa. Mwaka jana aliandika: "Moja." Mwezi Machi hakuandika milimita. Aliandika: "Kikifika mboni, nani atausoma mwandiko wangu?" Nilifuta kwa kifutio. Wakati huo nilishaanza kusoma kwa kuinamisha kichwa upande.

Wiki iliyopita aliniletea orodha yake ya mwisho ya upasuaji niipige chapa. Wagonjwa watano, na mstari wa sita mtupu. Nikamuuliza namba sita ni nani.

"Jaza mwenyewe," alisema. "Mimi siachi kiporo."

Nilikaa na mstari ule siku mbili. Nikaujaza.

Kwa hiyo makosa ya chapa mtayavumilia: programu hii ya sherehe ya kumuaga imeandikwa kwa jicho moja, la pili liko chini ya bandeji. Alinipasua jana Jumatano, nikiwa nimeng'ang'ania mkono wa muuguzi, na haikuuma. Hilo ndilo linaloniuma. Miaka tisa nimemkimbia mtu aliyekuwa akiniokoa macho, na nilimkimbia ndani ya jengo moja.

Nyuzi zitatolewa Jumatano ijayo, siku ambayo yeye si mtumishi tena. Tabibu mpya yupo, mikono yake mizuri. Bi amesema atakuja tu kusimama pembeni. Nimemkumbusha kanuni: asiye mtumishi hupita mlango wa mbele, huchukua namba, na hukaa kwenye benchi na wenzake.

Ahsante, Bi Tazama Chini, kwa macho uliyotuachia na kwa jina langu ambalo hukulitaja. Pumzika vizuri, wafurahie wajukuu, na kope zao uziache. Jumatano nitakuwa kwenye dirisha la masijala nakusubiri. Namba yako nimeshaiandika: ni moja.